Upepo wa jua ni mwembamba hivyo, unaibebaje hewa ya Mirihi?

Chaki_Nyeupe
Habari za jioni wakuu. Nafundisha fizikia kidato cha tatu hapa Singida, mji wa upepo. Jana niliwaambia wanafunzi kwamba uga sumaku wa Mirihi ulikufa miaka kama bilioni 4 iliyopita, upepo wa jua (zile chembe zenye chaji zinazomiminika kutoka kwenye jua) ukaipeperusha hewa yake. Binti wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, umesema kwenye sentimita moja ya ujazo kuna protoni za kuhesabu kwa vidole. Zitapeperusha nini?" Nikamjibu una kasi ya kilomita 400 kwa sekunde. Akanitazama tu, nikajua sijajibu kitu. Halafu na langu: Zuhura nayo haina sumaku, tena iko karibu zaidi na jua, mbona hewa yake inakandamiza mara 90 kuliko yetu? Nawasilisha.

kijiwe_cha_kahawa
Mkuu, risasi nayo ni nyepesi.

IoniTu
Hapana, si mambo ya risasi. Mwalimu, huyo binti mpe daftari jipya. Tatizo ni neno "kupeperusha", linatupeleka kwenye ungo na pumba. Upepo wa jua huikamata hewa kwa umeme, na hukamata kile tu ambacho kimeshapata chaji.

Nilikaa miaka miwili ya shahada ya pili na data za MAVEN, chombo cha NASA kilichofika Mirihi Septemba 2014. Juu kabisa ya angahewa, mwanga wa urujuanimno unang'oa elektroni kwenye atomi ya oksijeni, inabaki ioni. Dakika iliyopita atomi hiyo ilikuwa haina habari na upepo wa jua. Sasa imenaswa, maana upepo huo unakuja ukiburuta uga sumaku. Ni dhaifu, nanotesla 3 hivi pale Mirihi, ila kwa ioni iliyotulia, sumaku inayopita kwa kasi ile ni sawa na uga wa umeme. Ioni inavutwa, inashika kasi, sumaku inaipinda. Mwambie binti akokotoe nusu kipenyo cha kona hiyo, r = mv/qB (tungamo mara kasi, gawanya kwa chaji mara uga sumaku). Atapata kama kilomita 22,000, na nusu kipenyo cha Mirihi yenyewe ni 3,390. Ioni inaanza kupiga kona, sayari inaishia njiani.

Kilichonitoa jasho: mvuto huo hauelekei upepo unakoelekea. Uko nyuzi 90 nao, ubavuni. Nilipoona ioni zimefuka kama moshi juu ya ncha moja ya sayari nilidhani nimekosea alama ya kutoa, nikamwomba msimamizi wangu radhi kabla hajaniuliza. Kumbe ndivyo ilivyo. Karibu robo ya ioni hutorokea huko, robo tatu mkiani, upande wa usiku. Na ubavu wa pili umeme uleule unaelekea chini: ioni zinarudi, zinaigonga angahewa, atomi nyingine zinaruka nje kama gololi.

Chaki_Nyeupe
Asante sana mkuu. Kwa jumla zinatoka kiasi gani?

IoniTu
Gramu 100 hivi kwa sekunde. Pakiti ndogo ya majani ya chai. Kwa mwendo huo hewa iliyopo leo ingehitaji miaka bilioni 8 kuisha, kwa hiyo kiwango cha leo peke yake hakitoshi kueleza kisa chote. Jua changa lilikuwa kali zaidi kwa urujuanimno na dhoruba. Dhoruba ya jua ya Machi 2015 ilipofika Mirihi, utorokaji uliongezeka sana. Shahidi mzuri ni gesi ya agoni, kwa kuwa haiungani na miamba: karibu asilimia 65 yake imeshapotelea angani, na hiyo ni kazi ya zile gololi.

Zuhura inavuja pia. Venus Express, chombo cha Ulaya kilichoizunguka Zuhura, kiliona haidrojeni na oksijeni zikitoka kwa uwiano wa karibu 2 kwa 1, yaani maji. Kaboni dioksidi nzito ndiyo iliyobaki chini, na kuponyoka mvuto wa Zuhura kunataka kilomita 10 kwa sekunde, Mirihi 5 tu. Hata dunia yetu, na sumaku yake yote, inapoteza oksijeni kupitia nchani. Mimi nisingewaambia watoto kwamba sumaku ndiyo kila kitu.

Chaki_Nyeupe
Mrejesho: amepata 22,000 kwa kalamu tu. Sasa anauliza mbona haidrojeni kona yake inatoka kilomita 1,400 na bado inatoroka. Nimemwambia asubiri Jumatatu.