Ushauri nasaha kwa video: una faida sawa na wa ana kwa ana?

Mleta mada: Wakuu, naomba ushauri. Nataka kuanza vikao kwa ajili ya wasiwasi unaonikosesha usingizi. Mshauri niliyempata anafanya kazi kwa simu ya video tu. Nyumbani tuko wengi na intaneti hukatikakatika. Itanisaidia kweli?

Tumbawe: Pole sana ndugu. Kwa wasiwasi na sonona isiyo kali, tafiti zimeonyesha kwamba tiba ya fikra na tabia kwa video huleta matokeo yanayokaribiana na ya ana kwa ana. Sehemu kubwa ya tiba hiyo hufanyika kati ya kikao na kikao: unaandika fikra iliyokujia, unapima ushahidi wake, unalikabili kidogo kidogo lile unalolikwepa. Faida ninayoipa uzito zaidi ni mwendelezo. Kikao cha dakika 50 kikila nusu siku kwa sababu ya safari, mtu hukiruka mara mbili, mara ya tatu ameacha kabisa. Pia unachagua mtaalamu kwa ujuzi wake, hata akiwa mbali.

Mkonge: Upande wa intaneti: saa moja ya video hula takriban MB 500 hadi GB 1.5 kulingana na ubora wa picha. Sauti peke yake kwa kawaida haifiki MB 100, kwa hiyo mtandao ukiyumba zimeni kamera, msikatishe kikao. Kubalianeni mapema: ikikatika, nani anampigia nani, kwa namba ipi, baada ya dakika ngapi. Msipopanga, mtapigiana kwa wakati mmoja na kila mmoja atakuta namba ya mwenzake inatumika, labda ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kulia. Simu iegemee kitu imara usawa wa macho, mwanga uwe mbele yako, maana mshauri anasoma uso. Picha yako mwenyewe ifiche, kujitazama muda wote kunachosha.

Zamda: Vipokea sauti vya masikioni vinaficha sauti ya mshauri, yako bado inasikika. Washa redio nje ya mlango, au kaa ndani ya gari lililoegeshwa. Pangeni neno moja la kawaida litakalomaanisha "kuna mtu ameingia, badili mada". Na tafadhali usitumie kompyuta ya kazini.

Mleta mada: Asanteni sana. Nitajuaje kuwa mshauri ni wa kweli, na kwamba vikao vinafanya kazi?

Tumbawe: Muombe namba ya usajili, kisha ihakiki mwenyewe kwa bodi iliyomsajili. Kikao cha kwanza lazima akueleze mipaka ya usiri, yaani hali zinazomlazimu kutoa taarifa, kama vile maisha kuwa hatarini au mtoto kudhulumiwa. Kila kikao akuulize uko wapi, na awe na namba ya mtu wako wa dharura. Asiyeuliza haya tafuta mwingine: ukizidiwa, hatajua msaada autume wapi.

Maendeleo yapime kwa GAD-7, dodoso fupi la kupima wasiwasi. Lina maswali 7 kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 21. Kuanzia 10 huhesabiwa wasiwasi wa kiwango cha kati au zaidi. Jaza kabla ya kuanza, kisha kila baada ya wiki mbili. Alama zisiposhuka baada ya vikao sita hivi, mwambie wazi mbadili mbinu.

Zamda: Niongeze kwa wengine wanaosoma: mwenye mpango wa kujiua, anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayeishi na mtu anayemtesa na kumsikiliza mlangoni, video si mahali pa kuanzia. Huyo anahitaji huduma ya dharura au kuonana na mtaalamu uso kwa uso.

Mkonge: Na tenga dakika 15 baada ya kikao. Anayetoka ofisini kwa mshauri ana njia nzima ya kutulia. Wewe ukikata simu unakutana na watu wa nyumbani papo hapo. Tembea nje kidogo, andika kazi uliyopewa kabla hujaisahau, ndipo urudi.