Mama wa miaka 74 na mashine za mazoezi: vyuma au hewa?

Kitinda Mimba, Tanga (swali)

Ndugu zangu, nawasalimu. Mama yangu ana umri wa miaka 74, na tangu mwaka jana hawezi kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Daktari alimpima, akaridhika na hali ya moyo na presha yake, akamshauri afanye mazoezi ya nguvu. Tukampeleka jimu. Kwenye mashine ya kunyoosha magoti alianza na kilo 10, akaziweza kwa taabu. Wiki ya pili mwalimu akaongeza sahani moja ya kilo 5, na goti likavimba. Mwalimu akatuambia kwamba mzee hana tena misuli ya kujengwa, atembee tu. Je, ni kweli? Nimesikia pia kuwa zipo mashine zinazotumia hewa badala ya vyuma. Zinatofautianaje na hizi zetu?

Mnyoosha Viungo

Dada, mfikishie mama shikamoo yangu na pole ya goti. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kauli ya mwalimu huyo inaniuma, kwa sababu ilikwisha kukanushwa zamani. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Boston, Marekani, kwa wazee 10 dhaifu wa makao ya kulelea wazee, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 90. Baada ya wiki 8, nguvu za miguu za waliomaliza mazoezi ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wala hawakupewa mizigo ya kubembelezea, kwani lengo lilikuwa asilimia 80 ya uzito ambao kila mmoja angeweza kuuinua mara moja tu.

Kosa liko kwenye hatua ya kuongeza. Kutoka kilo 10 hadi 15 ni kuongeza nusu ya mzigo mzima kwa siku moja, jambo ambalo hata kijana angelisikia.

Mlezi wa Ufini

Naongezea hapo, kwa kuwa ninafanya kazi katika kituo cha wazee huku Ufini, nchi ambayo kampuni ya HUR ya mji wa Kokkola inatengeneza mashine hizo za hewa. Kompresa hushindilia hewa ndani ya silinda, na mzee husukuma dhidi ya hewa hiyo. Mzigo huanzia karibu na sifuri na huweza kuongezwa kwa gramu 100, kwa hiyo tatizo lililomkuta mama lisingetokea. Faida ya pili, ambayo mimi naiona kubwa zaidi, ni kwamba sahani ya chuma ukiisukuma kwa kasi hurushwa juu, kisha hurudi kwa kishindo na kutikisa viungo, ilhali hewa humfuata mtu kwa kasi yoyote anayoitaka. Kasi ya misuli ndiyo humwokoa mzee anapojikwaa, nayo hupungua mapema kuliko nguvu yenyewe. Zipo pia mashine zinazotambua bangili ya kielektroniki anayovaa mzee na kujipanga zenyewe kwa kipimo chake. Hilo linasaidia kituo chenye watu wengi, lakini mtu mmoja halihitaji.

Kitinda Mimba

Nashukuru sana. Mashine za namna hiyo hazipo karibu nasi. Tufanyeje?

Mnyoosha Viungo

Kwanza goti lichunguzwe, na uvimbe uishe kabisa. Kisha shoneni mfuko wa mchanga wa kufunga kwenye kifundo cha mguu, muupime kwenye mizani ya dukani: nusu kilo kwa kuanzia, na muongeze robo kilo pale tu anapoweza kunyoosha goti mara kumi na mbili bila maumivu. Afanye hivyo siku mbili kwa wiki au zaidi, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoelekeza mwaka 2020 kwa wenye miaka 65 na kuendelea, na siku tatu afanye mazoezi ya kujimudu asianguke. Asibane pumzi anapoinua mguu, kwa kuwa presha hupanda ghafla. Atoe pumzi wakati wa kuinua, avute wakati wa kushusha.