Caravan ya kulipia inaingia rivasi angani, wauzaji wanasema joistiki yangu mbovu

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Nimenunua Cessna 208 Caravan ya simuleta, gemu ya kurusha ndege kwenye kompyuta. Ndege yenyewe mnaijua, ndiyo inayoshusha watalii Serengeti na Maasai Mara, injini PT6A-114A, nguvu farasi 675. Tangazo lao: "kila kitu kama ya kweli". Kweli ipi? Nipo fainali, nimeshanyooka na ranwei kutua, flapu zote chini, navuta leva ya pawa hadi aido (injini ibaki inazunguka taratibu tu), pangaboi (propela) linaingia beta, yaani mapanga yanalala hadi hayavuti tena, hapohapo hewani. Spidi inakatika, ndege inaporomoka kama gunia la mkaa.

Kwenye ndege halisi leva ikifika aido inagota. Ukitaka beta, halafu rivasi, lazima uinyanyue leva kwa mkono uivushe kizuizi, na kitabu cha rubani kinakataza kufanya hivyo ukiwa angani. Hawa mabwana wamemwaga aido, beta na rivasi kwenye njia moja isiyo na mpaka. Kwadranti yangu, boksi la leva la hapa mezani, haina kizuizi, sasa nitajuaje aido imeishia wapi? Nikiacha pawa kidogo kwa kuogopa, ndege haitaki kutua, inaelea tu huku ranwei inaisha.

Nawaandikia, wananijibu: "Kalibreti joistiki yako." Jamani! Nimekalibreti. Kwenye Windows namba zinapanda na kushuka laini, hazirukiruki. Kontrola ya gemu nimeiondoa kabisa zisije zikagombana. Nimebana leva iishie aido: angani ikatulia, ila nikigusa chini rivasi sina tena, nabaki na breki. Nina ndege nyingine ya simuleta ya tabopropu (tabini inayozungusha pangaboi), leva ni hiyohiyo, rivasi ina kitufe chake, haijawahi kunisumbua.

Na leva ya pangaboi, ile ya kupanga mizunguko yake, ndiyo aibu kubwa. Kwenye PT6 tabini inayozungusha pangaboi haijafungwa na ile ya kompresa. Ukipunguza mizunguko kutoka 1,900 hadi 1,600 kwa dakika bila kugusa pawa, torki (nguvu ya kusokota pangaboi) inapanda. Yao inashuka! Hiyo nayo ni joistiki yangu?

Aido zenyewe ni mbili, ya chini na ya juu, wala siziongelei, kwao zote zinalia sawa.

Ninachotaka: leva igote aido, rivasi ipewe kitufe. La sivyo hela yangu irudi. Na kama kuna mkuu humu ameshafungua faili la injini la hii Caravan akarekebisha mwenyewe, aniambie aligusa mstari gani.