Naomba ushauri: kukagua mizinga baada ya baridi ya Juni hadi Agosti

Mgombani (mwanzisha uzi)
Shikamooni wakubwa zangu. Nafuga nyuki Kibosho, juu ya Moshi mjini, katika mizinga 6 ya fremu iliyo kwenye shamba la kahawa na migomba. Tangu Juni ukungu umekuwa ukitukalia mpaka karibu saa sita mchana, na sasa jua linarudi. Mizinga 3 ni myepesi nikiinyanyua kwa nyuma, na nyuki wanaoingia ni wa kuhesabu. Nimekwisha kukubaliana na fundi kwamba Jumamosi tuiunganishe na ile yenye nguvu. Je, nikague nini kwanza?

Fremu Kumi
Usiunganishe kundi usilojua hali yake. Kaa kando ya mlango robo saa siku yenye jua. Nyuki wakirudi na chavua miguuni, kwa kawaida ndani kuna majana, yaani watoto wa nyuki, ya kulishwa. Kisha fungua kuanzia saa kumi jioni, utoe fremu za katikati na ulipe jua mgongo ili mwanga uingie vitunduni. Yai moja kwenye kitako cha kila kitundu linaonyesha kwamba malkia alikuwa akitaga ndani ya siku 3 zilizopita. Ukikuta mayai mengi katika kitundu kimoja, mengine yakiwa yamebandikwa ukutani, huenda malkia hayupo na wafanyakazi ndio wanaotaga. Ulivuna lini mara ya mwisho?

Bibi wa Uru
Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alitundika mizinga ya magogo, na masika yakishaingia hakuigusa hadi vuli. Tulipokuwa wasichana tulimwona mchoyo, kwa sababu kila mara alibakiza masega ambayo tungeweza kula. Wanangu, asali ya nyuki ni akiba yao kwanza, ndipo iwe yetu.

Mgombani
Nilivuna mwanzoni mwa Juni. Nilikamua fremu zote, kwa kuwa ada ya shule ilikuwa inanidai na nilitegemea maua ya migrivea yangewainua. Jana nilichungulia mzinga wa 4 nikakuta mamia wamekufa wakiwa wameingiza vichwa vitunduni, mikia nje, wakavu kama makapi. Hata hivyo naona kuunganisha ndiyo njia pekee, na fundi nimeshamlipa.

Msomaji Makini
Kwa heshima zote, nina shaka kwamba kisa hiki hakikutokea Kibosho. Nyuki waliokufa vichwa vikiwa vitunduni ni habari ya Ulaya, ambako wakati wa theluji nyuki hujikusanya kama mpira, na akiba ikiisha hufia hapo hapo. Nyuki wetu chakula kikipungua huondoka na malkia wao wakatafute kwingine. Ulianza kwa kulaumu baridi, sasa tunasikia mavuno. Ama umetunga, ama kuna jambo hujalisema. Hapo mlangoni pana nini?

Mgombani
Sijatunga. Mwaka jana makundi 2 yalinihama Julai na nikabaki na mizinga mitupu. Mwaka huu, katika mizinga hii 3, niliweka mlangoni waya wa kumzuia malkia, ambao wafanyakazi hupenya na yeye hapenyi. Fundi ndiye aliyenishauri, na bado naamini kwamba bila waya ule leo nisingekuwa na kundi hata moja kati ya hayo. Madume wamekwama pale kwa vifua vyao vinene, wakafa, na wameziba nusu ya nafasi.

Msomaji Makini
Nakuomba radhi, ndugu. Sasa kisa kinaeleweka, na kinaniuma. Wafanyakazi hawakutaka kumwacha malkia, naye hakuweza kutoka.

Fremu Kumi
Ondoa waya leo, usingoje Jumamosi. Chemsha maji lita 1, yeyusha sukari kilo 1, uache ipoe, uwawekee ndani ya mzinga jua likishatua. Usimwage tone nje, kwani makundi yenye nguvu yatakuja kupora na kuwamaliza. Kuhusu kuunganisha, tazama majana kwanza: vifuniko vikiwa vimezama, vimetoboka na vinanuka, fremu hiyo isiguse mzinga mwingine hadi afisa nyuki wa wilaya aione. Kituo cha Njiro, Arusha, kilicho chini ya TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, nacho hufanya utafiti wa nyuki.

Bibi wa Uru
Mwanangu, ada ni mzigo, nakuelewa. Lakini umewafungia mlango wenye njaa.

Mgombani
Nimeondoa waya jioni hii. Mzinga wa 2 una mayai, moja moja, kama kiganja kizima cha mkono. Wa 4 hauna kitu. Wa 5 una nyuki wachache, hauna yai wala majana yoyote, na hakuna harufu. Huo nataka kuuweka juu ya mzinga wa 1 wenye malkia, gazeti likiwa katikati. Gazeti liwe kurasa ngapi?

Fremu Kumi
Ukurasa mmoja. Utoboe matundu machache kwa msumari mwembamba. Nyuki watalitafuna wenyewe huku harufu zao zikizoeana. Usifungue kabla ya wiki moja kupita.