Sisi tuliovuka bila karatasi, tuna haki ya kumwita mwenzetu haramu?

Mleta mada, Wete:

Asalaam alaykum ndugu zangu. Ipo hoja inayorudiwa siku hizi kwenye mabaraza yetu, Unguja na Pemba, kwamba kila mgeni atakayekutwa visiwani bila kibali, awe mpishi wa hoteli, fundi au kibarua wa shamba, atiwe kwenye boti ya kwanza inayoondoka, na sheha, yaani kiongozi wa mtaa, aliyemnyamazia naye achukuliwe hatua. Naomba kuipinga hoja hiyo, na naipinga nikiwa Mpemba, kwa sababu naona sisi ndio tuliopaswa kuwa watu wa mwisho kuitamka.

Wavuvi wa Kojani, Tumbe na kwengineko huku Pemba walikuwa wakienda dago, yaani kambi za uvuvi za msimu, pwani ya Kenya kabla hajazaliwa yeyote kati yetu. Walipiga kambi zao Vanga, Shimoni na kuendelea hadi pande za Kilifi, wakavua, wakaanika ng'onda, msimu ukimalizika wakarudi kwao. Na baadhi yao, kama kawaida ya wanaume wanaokaa mbali na nyumbani, wakaoa huko wakabaki. Hapakuwa na kosa lolote. Mwambao ule hadi mwaka 1963 ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiutawala kwa niaba yake, na bendera yake nyekundu ilipepea Fort Jesus, Mombasa, kama ilivyopepea hapa. Oktoba 1963 yalitiwa saini makubaliano ya kuukabidhi kwa Kenya, na Desemba mwaka huo huo nchi mbili zikapata uhuru kwa kupishana siku mbili tu, Zanzibar tarehe 10 na Kenya tarehe 12. Mvuvi wa Kipemba aliyekuwa Shimoni hakunyanyua hata nanga, lakini tangu wiki hiyo akawa yuko nchi ya watu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 walivuka wengine, safari hiyo wakiwa na khofu, usiku, kutoka bandari bubu. Januari 2001, baada ya maandamano yaliyomwaga damu, watu zaidi ya 2,000 walikimbilia Shimoni kwa mashua na ngarawa. Wengi tunaosoma hapa tuna jamaa aliyekuwamo, na sidhani kama kuna hata mmoja aliyesimama ufukweni kwanza kuuliza kibali kinatolewa ofisi gani.

Nieleze ninachokijua kwa karibu. Ami yangu, mdogo wake baba, aliondoka kijana akaishi Kwale, pwani ya Kenya, zaidi ya miaka 40. Alikuwa hodari wa kuvua kwa jarife, na vijana wa pale wengi ni yeye aliyewafundisha kushona nyavu. Kwa kuwa hakuwa na kitambulisho, hakuweza kukata leseni ya uvuvi; samaki wake waliuzwa kwa jina la jirani. Laini ya simu ilikuwa kwa jina la mkwewe, na fedha alizotumiwa zikipitia simu ya mtu mwengine kabisa, ambaye kila mara alikata chake. Nilipomtembelea nilimkuta amekaa kwenye mkeka, mbele yake mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nne, na ndani yake kadi ya kliniki ya mtoto wake wa kwanza, risiti ya kodi ya chombo iliyofifia wino na barua ya mzee wa mtaa. Alivitandaza kimoja kimoja kwa ncha za vidole, kisha akaniuliza, mimi mwanawe, kama naona vinatosha. Tajiri aliyenunua samaki wake alimpa bei ya chini kuliko wavuvi wengine, na alipolalamika aliambiwa maneno mawili: "Nenda polisi."

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nianzishe mjadala huu, kwa sababu nimeyasikia tena, na safari hii nimeyasikia hapa kwetu. Katika hoteli moja ya ufukweni Unguja, ambayo sitaitaja, alikuwapo msichana kutoka nchi jirani aliyekuwa akiosha vyombo jikoni. Aliingia kihalali, pasipoti ikiwa imegongwa muhuri, lakini muda wake ulimalizika huku mwajiri akimuahidi kwamba kibali kinashughulikiwa, na pasipoti akaishikilia yeye. Mishahara ya miezi miwili haikulipwa. Alipoidai, aliambiwa kwamba maofisa wa Uhamiaji wako karibu. Akarudi kuosha vyombo.

Hoja yangu imo hapo. Tunadhani khofu ya kufukuzwa humwondoa mgeni, kumbe humfanya awe rahisi. Mwenye hoteli anayemtaka mtu wa kumlipa nusu, na pengine asimlipe kabisa, hatamtafuta kijana wa Nungwi au wa Micheweni mwenye kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi na mjomba wa kumsemea. Atamtafuta asiyeweza kwenda popote kushitaki. Kwa hivyo kila tunapomwongezea mgeni khofu tunampunguzia bei, na tukishampunguzia bei tunashangaa kwa nini vijana wetu hawaajiriwi.

Jengine ni neno lenyewe. Tumezoea kusema "wahamiaji haramu" hadi tumeacha kulisikia. Haramu ni neno la dini: nguruwe ni haramu, riba ni haramu. Kuishi bila kibali ni kosa la sheria, sikatai, lakini anayepitisha tarehe ya leseni ya gari hatumwiti dereva haramu. Nasi ni watu ambao kalenda yetu ya dini inahesabiwa tangu siku za kuhama. Mwaka wa kwanza haukuwekwa kwa kuzaliwa kwa Mtume wala kwa vita alivyoshinda, uliwekwa kwa Hijra.

Ninachopendekeza ni mambo ya kawaida. Aliyekaa miaka mingi, ana kazi, ana watoto waliozaliwa hapa, awekewe njia ya kujiandikisha bila ya kukamatwa mlangoni. Mfanyakazi anayedai mshahara asikilizwe kwanza kuhusu mshahara. Na mwajiri anayeshikilia pasipoti ya mtu ndiye aanzwe naye.

Mchangiaji, Mjini Magharibi:

Ndugu yangu wa Wete, nimekusoma kwa makini na kwa ami yako nimesikitika, lakini naona umechanganya mambo mawili. Wapemba wa Kwale na Kilifi walikwenda kwa watu wa lugha moja na dini moja nao, wakaoana, na ardhi ya kuwapokea ilikuwapo. Sisi ni visiwa. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773, na ukisafiri leo kutoka mjini hadi Fuoni utaona mwenyewe kwamba mashamba ya minazi yamekuwa nyumba. Mzee anapogawa kiwanja chake kwa watoto saba hana cha kumgawia mgeni wa nane. Pia usisahau kwamba nyuma ya wengi wa hao wanaopita kwa siri wapo wasafirishaji wa magendo, na ukitangaza kwamba atakayekaa sana atapewa karatasi, hao ndio watakaokuwa wa kwanza kuitumia kauli yako kuuza safari. Mgeni siku mbili, wazee walisema, siku ya tatu mpe jembe. Sheria ni lazima iogopwe, ama sivyo haina maana ya kuwapo. Na hili si suala la sisi kuliamua peke yetu barazani, kwani uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano.

Mchangiaji, Mkoani:

Mimi ni mwalimu, nami nitasema moja tu. Nimewahi kuwa na mwanafunzi ambaye mzazi wake hakuwa na karatasi yoyote. Mtoto alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu. Ulipofika wakati wa kujaza fomu ya mtihani, aliniambia anaumwa tumbo, na siku iliyofuata pia anaumwa tumbo, hadi nilipofahamu kwamba fomu ina sehemu ya namba ya cheti cha kuzaliwa. Bwana wa Mjini Magharibi, mtoto huyu alivuka mpaka gani?

Mleta mada, Wete:

Nimshukuru mwalimu, na kwa Bwana wa Mjini Magharibi nianze kwa kukubali, kwani katika mambo mawili ana haki. Ardhi yetu ni ndogo kweli, na wasafirishaji wa magendo ni watu waovu. Njia wanazozitumia sisi Wapemba tunazifahamu vizuri, kwa kuwa karafuu zetu zilipitia humo humo kwenda Mombasa kila bei ya Serikali ilipokuwa ndogo. (Hilo nalo tuliliita magendo, lakini sikumbuki kumsikia yeyote akimwita babu yake haramu.) Na ni kweli kwamba Uhamiaji ni jambo la Muungano. Lakini sheha ni wetu, skuli ni yetu na ukaguzi wa kazi mahotelini ni wetu.

Kuhusu lugha na dini moja sikubaliani naye. Udugu huo wote haukumpatia ami yangu kitambulisho. Kenya ilitunga Sheria ya Uraia na Uhamiaji mwaka 2011 yenye mlango kwa wasio na uraia waliokuwapo kabla ya uhuru, lakini mlango ulikuwapo kwenye kitabu tu. Wamakonde wa huko, nao wasio na uraia, walilazimika kuandamana kwa miguu hadi Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa. Wapemba, wanaokadiriwa kufika 7,000 hivi, walitangazwa kuwa miongoni mwa makabila ya Kenya mwanzoni mwa 2023, na Julai mwaka huo Rais Ruto akawakabidhi vyeti huko Kilifi. Tangu uhuru hadi hapo ni miaka 60, na nchi yenyewe haikubomoka kwa kuwaandikisha.

Wala si Kenya peke yake. Tanzania hii hii iliwapa uraia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 na watoto wao, zaidi ya watu 160,000, kundi ambalo ni kubwa kuliko watu wa wilaya nyingi za kwetu. Hawakuahidiwa uraia walipokuwa wakivuka, na waliwekewa masharti. Hiyo ndiyo njia ninayoisema, inayomtazama aliyekwishakaa na kumuuliza amekaa vipi, bila ya kumuuzia safari aliye ng'ambo. Na methali aliyoitaja Bwana mwenzangu naipokea kwa mikono miwili, kwani wazee hawakusema siku ya tatu mfukuze. Walisema apewe jembe, na jembe la siku hizi linaitwa kibali cha kazi.

Ami alipata kipande chake, yaani kitambulisho cha Kenya. Jambo la kwanza alilolifanya ni kusajili laini ya simu kwa jina lake mwenyewe, akatupigia sote, mmoja baada ya mwengine, bila ya kuwa na la kusema. Mwaka uliofuata dada yake mkubwa alifariki huku Pemba, naye akaja kuzika, safari hii mchana, kwa njia ya mpakani Horohoro, hati ya kusafiria mkononi. Afisa kijana alimuuliza anakwenda kwa nani. Akataja kijiji alichozaliwa. Akaulizwa ana mwenyeji gani huko, na kwa muda hakujua amjibu nini, kwa sababu aliyekuwa mwenyeji wake ndiye aliyekuwa anakwenda kumzika.