Usiku wa Valentine Arusha: tumelipa 150,000, tumepewa ua la plastiki na kudhalilishwa mbele za watu

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na hasira, na uzi ni mrefu. Mnivumilie.

Jumamosi tarehe 14 nilimtoa mke wangu kwenda kula chakula cha usiku kwenye hoteli moja hapa mjini Arusha. Jina silitaji, nataka kwanza niwafikishe kunakohusika. Tangazo lao lilisema usiku wa wapendanao, shilingi 150,000 kwa watu wawili: chakula, kinywaji kimoja kila mtu, na ua halisi kwa kila mwanamke. Nililipia wiki moja kabla kwa simu, ujumbe wa malipo ninao. Tuna miaka 11 ya ndoa na watoto watatu. Shangazi yao alitoka Moshi kuja kulala nao ili sisi tupate hayo masaa machache. Wazazi wenzangu mnaelewa.

Tumefika, meza yetu iko jirani na mlango wa choo. Nauliza, naambiwa meza za mbele ni kuongeza 50,000, jambo ambalo kwenye tangazo halikuwepo. Inafika saa tatu, kuku ameisha, tunaletewa wali na mchuzi mtupu. Mhudumu binti mdogo ananiambia, "Kaka, naomba usinilaumu mimi." Sikumlaumu na simlaumu hadi leo.

Lile ua halisi sasa. La plastiki! Limedondoshewa gundi ili lionekane lina umande, na wekundu wake ukabaki kwenye vidole vya mke wangu. Arusha hii, ambapo ukishuka Usa River unayaona mabanda ya waridi kwa macho yako.

Mama yangu alifanya kazi kwenye mashamba hayo miaka tisa, ndiyo maana jambo hili limenichoma. Waridi la Valentine linaanzia Desemba. Matawi yanakatwa kwa hesabu ya siku, ili machipukizi yatoke kwa pamoja na maua yawe tayari mwisho wa Januari na siku za kwanza za Februari. Hapo hakuna kulala. Yanakatwa alfajiri, yanapelekwa kwenye banda la kupangia, kila shina linapimwa urefu kwa sentimita, linapukutishwa majani ya chini, linafungwa tita, linaingia chumba cha baridi. Mengine yanaondokea uwanja wa ndege wa KIA, mengine yanavuka mpaka kwa lori hadi Nairobi, yanapandishwa ndege kwenda mnadani Uholanzi. Mama akirudi nyumbani usiku tulikuwa tunamtoa miiba kwa sindano, dada ameshika taa, mimi nimeshika kidole. Tarehe 14 yenyewe alikuwa analala kutwa nzima kwa uchovu. Halafu mtu anauza plastiki kwa jina la ua halisi kilomita chache kutoka pale.

Mngedhani imeishia hapo. Saa tatu na nusu MC akashika kipaza sauti na kuanza kufundisha. Kwamba Valentine alikuwa padri wa Roma aliyewafungisha ndoa askari kwa siri, kaisari akamkata kichwa, kwa hiyo mwanaume anayekuja bila ua jekundu anamkana mtakatifu. Akaamuru walioingia mikono mitupu wasimame, na taa ikaanza kutumulika mmoja mmoja. Tulisimama kama saba. Mmoja wetu ni mzee wa rika la baba yangu, ameshika kofia yake kifuani. MC anamwambia, "Mzee, hata wewe?" Ukumbi mzima ukacheka. Mkewe alikuwa ameinama, anaikunja na kuikunjua leso. Kijana wa hoteli anarekodi. Mke wangu akanivuta mkono: "Baba, tuondoke." Tukaondoka, na asubuhi yake video iko kwenye ukurasa wao.

Nimepita seminari, siwezi kuacha uongo ule upite. Kumbukumbu za zamani zinataja zaidi ya Valentine mmoja aliyeuawa kwa ajili ya imani karne ya 3, mmoja akizikwa kando ya barabara ya Flaminia, Roma. Habari ya askari na ndoa za siri ni hadithi iliyoongezwa karne nyingi baadaye. Mwaka 1969 Kanisa Katoliki lenyewe liliiondoa kumbukumbu yake kwenye kalenda ya Kanisa zima. Tarehe 14 Februari Misa yetu ni ya Watakatifu Sirili na Metodi. Valentine amebaki kwenye orodha ya wafiadini, na hakuna ua lolote analotudai.

Mapenzi yaliingizwa zaidi ya miaka elfu moja baada ya kifo chake, na walioyaingiza ni washairi. Geoffrey Chaucer wa Uingereza, mwishoni mwa karne ya 14, alitunga shairi la ndege wanaokusanyika siku ya Mtakatifu Valentine kuchagua wenzi wao. Mwaka 1477 binti mmoja wa huko huko, Margery Brews, alimwandikia mchumba wake John Paston na kumwita Valentine wake. Kule mali ilitoka upande wa binti, na baba yake alikuwa amegoma kuongeza. Binti akamwambia mchumba: kama unanipenda, hutaniacha kwa sababu hiyo. Na hawakuachana, walioana. Barua ipo hadi leo. Wafanyabiashara walikuja kushika usukani karne ya 19, stempu za bei rahisi zilipoanza Uingereza mwaka 1840 na kadi zikatumwa kwa wingi.

Baba yangu hakuwahi kumnunulia mama ua. Lakini walipokosana vibaya, mama akarudi kwao Kibosho, baba alikata jani la sale, ambalo kwetu Wachagga ni ishara ya kuomba msamaha, akapanda nalo mlimani kwa miguu, akasimama uani kwa wakwe bila kusema neno. Mama alirudi naye siku ile ile. Mwanaume wa namna hiyo leo angemulikwa taa achekwe na watu wanaokunywa soda.

Ninachotaka: nirudishiwe fedha zangu, video ifutwe, na yule mzee aombwe radhi. Nimewapigia mara mbili, wamekata simu. Aliyewahi kupeleka lalamiko la tangazo la uongo Tume ya Ushindani aniambie alianzia wapi na alitakiwa kuwa na vielelezo gani. Kuhusu video naambiwa ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa sheria ile ya mwaka 2022. Mwenye uzoefu nao pia aseme.

Na kama mtoto wa yule mzee yumo humu, naomba aniandikie faragha. Namba ya meza yao naikumbuka, nipo tayari kuwa shahidi wake.