Kichwa cha fahali, ufunguo wa kushoto, au saa ya bamvua?

MwanaMvita: Salaam aleikum. Nataka kronografu moja, saa ya mkono yenye kipimamuda, ya zamani, ya mitambo, si ya betri, na iwe na kioja. Naona mbili: Seiko 6138 ya miaka ya 1970, ile vitufe vimesimama juu kama pembe za fahali, na Heuer Monaco ya 1969, ya mraba, ufunguo (kile kidude cha kujazia na kuwekea saa) kushoto. Najua bei haziko pamoja. Tuongee umbo kwanza.

Kibokoni77: Bei ya Monaco utanunua tuktuk, ubaki na ya petroli. Lakini ule ufunguo wa kushoto si mbwembwe. Mtambo wake, Calibre 11, ni saa ya kampuni ya Buren iliyobebeshwa kipande cha kronografu cha kampuni ya Dubois-Dépraz, ufunguo ukaangukia upande wa pili. Wauzaji wakapata la kusema: saa inajijaza yenyewe, waugusia nini?

FundiMakadara: Mie nazifungua hizi. Vitufe vya juu vina raha yake: havikuchomi ukikunja kiganja. Jua tu kwamba 6138 haina akrabu ya sekunde ya kila wakati. Ukitaka kuona sekunde zikienda, washa kronografu. Ukikosa hiyo ukaangukia 6139, nduguye, hadhari! Siku na tarehe hubadilishwa kwa kubonyeza ufunguo, si kuuvuta, na haijazwi kwa mkono, hujijaza ikitikisika. Niliwahi kuletewa moja, mwenyewe azungusha wee, aniambia imekufa. Nikaitikisa mbele yake ikaanza kwenda. Sikumtoza.

BintiKizingo: Na Seafarer hamuitaji? Heuer waliwatengenezea Abercrombie & Fitch, wenye maduka Marekani. Kando ya kuhesabu dakika, ina kisahani cha maji kujaa na kupwa. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, na kisahani huchelewa nayo. Unakiweka mara moja kwa kitufe cha ubavuni, ukiwa umesimama ufukweni umeona yamejaa. Kwa mtu wa pwani, pembe za fahali za nini?

Kibokoni77: Babu yangu alitazama mwezi tu. Ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua. Hakulipa shilingi.

BintiKizingo: Na mawingu ya masika je, yakhe?

MwanaMvita: 😂 Seafarer nimeangalia bei, nimefunga simu. Nachukua 6138. Fundi, nikiipata naileta kwako kabla sijaivaa.

FundiMakadara: Ilete. Na usiibonyeze bonyeze njiani.